Kifusi cha nyumba Mombasa: kukiuza, kukijazia kiwanja, kukisaga au kukipeleka jaani Mwakirunge?

Wengi wanaobomoa nyumba mjini hapa huwa wameshapiga hesabu ya kila kitu isipokuwa kifusi. Mchoro upo, fundi yupo, simiti na vyuma vimeshaulizwa bei. Kifusi huachiwa dereva wa lori, naye akiulizwa anakwenda kumwaga wapi hujibu, "Mama, wewe usiwe na wasiwasi, mimi najua pa kumwaga." Anapopajua mara nyingi ni ukingoni mwa mkondo wa Tudor, au kwenye kiwanja cha mtu aliyeko Ulaya.

Kwanza ujue ukubwa wa mzigo. Chukua chumba kimoja cha futi 10 kwa 12, kuta za inchi 6, kimo cha futi 9. Ukitoa mlango na dirisha, ukuta mtupu ni kama mita 5 za ujazo. Ukishaangushwa unavimba, maana mawe hayalali tena yakabanana. Ongeza karibu nusu, upate mita 7 na kitu, uzito wake ukikaribia tani 9. Hiyo ni bila sakafu, bila msingi, bila slabu. Lori la tani 7 litakwenda safari moja kamili na ya pili karibu tupu. Hesabu vyumba vyako mwenyewe, ukuta unaogawanya vyumba viwili ukiuhesabu mara moja tu, ndipo umwite mwenye lori. Asiyejua hesabu yake hupewa hesabu ya dereva.

Sasa tulinganishe njia. Nasema mapema msimamo wangu ili usisome ukisubiri: hakuna njia moja inayofaa nyumba nzima. Nyumba moja ina vitu vya kuuza, vya kujazia, vya kutupa na pengine vya hatari, na kinachoamua utapata nini ni namna utakavyobomoa, kabla hata lori halijafika.

Nyundo na patasi, au tingatinga?

Tingatinga linamaliza kwa siku moja kazi ambayo vijana wa nyundo wangeifanya kwa wiki mbili. Ukikodi kiwanja kwa muda, au ukiwa na mkopo wa benki unaokimbia, huenda huna hiari. Lakini tingatinga linakabidhi rundo moja: jiwe, mbao, misumari, waya, plasta, choo kilichopasuka na godoro la mpangaji wa mwisho, vyote pamoja. Rundo hilo halinunuliki, halifai kujazia, na hakuna wa kulipokea ila jaa.

Kubomoa kwa mkono kunarudisha vitu vikiwa vizima, ila inategemea nyumba ilijengwa kwa nini. Pita panapobomolewa nyumba ya zamani kule Majengo ujionee. Kijana anaweka patasi kwenye kiungo, si kwenye jiwe; anagonga mara mbili, chokaa inamwagika kama unga, jiwe la matumbawe linang'oka zima na kupokezwa mkono kwa mkono hadi chini. Kisha anafika kwenye chumba kilichokarabatiwa baadaye kwa simiti. Anagonga vilevile, na safari hii jiwe ndilo linalopasuka huku kiungo kikibaki palepale. Simiti ni ngumu kuliko jiwe letu la Pwani, chokaa ni laini kuliko hilo jiwe. Basi kabla ya kupatana bei na wabomoaji, kwaruza kiungo kwa msumari. Kikitoka unga mweupe, lipa vijana wa mkono, watakurudishia gharama yao. Kikigoma, usitarajie mawe mazima. Okoa paa, milango na vyuma kwa mkono, kuta uziachie mashine.

Huo mpango wa kuchanganya, mkono kwanza kisha mashine, ndio ninaoupendekeza kwa nyumba nyingi zilizojengwa kwa simiti. Unapoteza siku chache tu, na tingatinga linakuta mawe na zege peke yake.

Kuuza

Boriti za mikoko ndizo zinazokwenda haraka kuliko vyote. Mchwa hauzipendi, ukataji wa mikoko siku hizi una vikwazo, na boriti nzuri ya zamani bado ina maisha marefu mbele yake. Mabati yasiyooza, milango, fremu, grili za madirisha, matangi, sinki na vigae vilivyotoka vizima vina wanunuzi wake. Wauzaji wa vifaa vya mitumba huja wenyewe wakisikia nyundo. Mawe mazima ya matumbawe hununuliwa na wanaojenga ua na vyoo.

Kuna watu huuza nyumba ikiwa bado imesimama: mnunuzi analipa kitu fulani, anabomoa mwenyewe, anachukua anachotaka. Kwa mitaa yenye desturi ya nyumba bila ardhi, ambako mwenye nyumba anamiliki jengo na ardhi ni ya mwingine, hili linaeleweka sana, kwani jengo ndilo mali yote aliyo nayo mtu. Tatizo la mkataba huo ni mwisho wake. Mnunuzi akishatoa boriti na mabati hana haja na kilichobaki, anaondoka, wewe unabaki na kifusi kile kile ulichokuwa ukikikimbia, tena sasa kimechanganyika. Kama utauza hivyo, andikianeni kwamba kiwanja kitarudishwa kikiwa kimefagiwa, na ushike amana yake, pesa au kitu chake, hadi siku hiyo.

Vyuma chakavu vina masharti yake. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu tangu 2015, na mapema mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara yote kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa nyaya za umeme na miundombinu. Iliporuhusiwa tena, wenye leseni ndio walioruhusiwa. Muuzie mwenye leseni, na umwombe karatasi.

Mbao zilizopakwa rangi ya zamani usiwape wapishi kama kuni. Rangi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na madini ya risasi, na moshi wake hauchagui mpishi na mla mahamri.

Na kama nyumba iko Mji wa Kale, acha habari ya kuuza kabisa hadi upite kwenye ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Mlango wa nakshi si bidhaa ya mitumba.

Kujazia

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa mawe, zege na matofali, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na pupa. Kila nyumba mpya inahitaji mawe ya kujaza chini ya sakafu, na watu wanayanunua machimboni huku jirani yao akilipa lori kwenda kuyatupa. Ukijenga papo hapo ulipobomoa, kifusi chako ni mali: huna nauli ya kukitoa wala ya kuleta kingine.

Lakini kiwe safi. Kipande cha ubao kikizikwa kinaoza au kinaita mchwa, kisha sakafu inabonyea. Bodi za dari za jasi (gypsum) zikilowa chini ya ardhi hulainika, na mahali pasipo hewa hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Mapande makubwa ya zege yakitupwa ovyo huacha mianya ambayo mchanga hushuka ndani yake pole pole, na mwaka wa pili vigae vinaanza kupasuka. Vunja mapande yawe ya ngumi, mwaga tabaka la kama inchi 6, mwagia maji, shindilia, ndipo uongeze jingine. Na usije ukatumia kokoto iliyosagwa kutoka nyumba ya kando ya bahari kwenye zege yenye vyuma. Jiwe la matumbawe lina matundu, limenyonya chumvi miaka yote hiyo, na chumvi ndiyo inayokula nondo. Chini ya sakafu sawa, kwenye nguzo hapana.

Kama huna pa kujaza, kuna mwenye haja. Ila hapa ndipo mtego ulipo: "kujaza kiwanja" ni jina linalopewa pia kumwaga kwenye mikoko. Mti wa mchu hupumua kwa vijizizi vinavyochomoza juu ya tope pande zote za shina. Tipa moja ya kifusi ikimwagwa pale, vijizizi vinazibwa na mti unakufa ukiwa umesimama. Mwenye kiwanja anayekuambia ardhi yake inaishia kwenye maji yanapokupwa, mwambie asante na umtafute mwingine. Tumeona kwa macho yetu jinsi tuta la mawe linavyoweza kufunga njia ya bahari: pale Makupa maji yalizuiwa kwa miongo, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2022 ndipo yakapita tena baina ya Tudor na Port Reitz. Lile lilikuwa tuta la barabara, lenye faida yake. Kifusi chako hakina hata hiyo.

Mwakirunge

Zamani taka za kisiwa zilimwagwa Kibarani, pale kando ya maji, na kila aingiaye mjini alipokewa na moshi wake. Kibarani ilifungwa kuelekea mwisho wa muongo uliopita, na tegemeo likawa jaa la Mwakirunge, huko ndani Kisauni.

Kwa aliye Bamburi, Mwakirunge ni safari ya kawaida. Kwa aliye Likoni ni safari nyingine kabisa: lori zito livuke feri au lizunguke Dongo Kundu, lipite mji mzima, kisha liende Kisauni. Nauli ya lori inapangwa na umbali, foleni na muda wa kupakia, kwa hiyo mtu wa Likoni au Mikindani anatozwa zaidi kwa kosa la kuishi upande wa pili. Dereva anayekupa bei ya chini sana kutoka Likoni "hadi Mwakirunge" hafiki Mwakirunge. Huhitaji ushahidi mwingine zaidi ya bei ya dizeli.

Jaa ni mahali pa mabaki: plasta iliyochanganyika, vyoo vilivyovunjika, bodi, plastiki. Kupeleka mawe safi kule ni kulipa ili ujaze jaa ambalo linahitajika kwa taka za jikoni za mji mzima. Mwenye lori awe na leseni ya kubeba taka kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na mzigo ufunikwe turubai; lori linalodondosha mawe kwenye barabara ya Nyali linajitangaza lenyewe.

Kusaga

Kwa mwenye nyumba moja, sahau. Mashine ya kusagia inataka mamia ya tani, sehemu ya kusimama na majirani wasiolalamikia vumbi. Kwa miradi mikubwa mambo ni tofauti. Zilipobomolewa nyumba za zamani za Buxton kuanzia 2021, huo ulikuwa mzigo wa kiwango ambacho kusaga papo hapo kunaanza kuleta maana: zege iliyosagwa ni nzuri sana kwa tabaka la chini la barabara na maegesho, ingawa hunywa maji mengi kuliko kokoto mpya na kwa hiyo huharibu vipimo vya zege kama fundi hakulizingatia. Mwenye mradi wa ghorofa kadhaa aweke kipengele cha kusaga kwenye zabuni tangu mwanzo. Mkandarasi akishashinda zabuni isiyo na kipengele hicho, atakuuzia kokoto mpya.

Paa la asbesto halimo kwenye ulinganisho huu

Kama nyumba ina paa la asbesto, simamisha kila kitu. Kenya imepiga marufuku matumizi yake tangu 2006, na kuitoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA: hulowanishwa, hushushwa bila kuvunjwa, hufungwa kwenye nailoni nene na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Isiuzwe kama mabati, isivunjwe kwa nyundo, isijaziwe. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki, na ugonjwa unaweza kuchukua miaka 20 au zaidi kujitokeza. Ni gharama, ndiyo. Iweke kwenye bajeti kabla ya simiti.

Na serikali je?

Katiba ya 2010 iliweka taka ngumu mikononi mwa kaunti, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa na kaunti ziwe na vituo vya kuzichambua. Kwenye karatasi tumekaa vizuri. Mtaani, mwenye kifusi safi na mwenye kifusi kichafu wanakwenda jaa lile lile, basi kwa nini mtu ahangaike kutenganisha?

Nchi nyingine zimejaribu njia tatu tofauti, na kwa kuwa kaunti nayo inachagua, acha tulinganishe. Japani ililazimisha kwa sheria ya mwaka 2000: ukibomoa jengo la mita 80 za mraba au zaidi, zege, lami na mbao zitenganishwe zikarejelezwe. Umoja wa Ulaya uliweka shabaha: kufikia 2020, asilimia 70 ya uzito wa taka hizi itumike tena, ingawa kujazia mashimo kunahesabiwa humo, na hilo limefanya shabaha iwe rahisi kuliko inavyosikika. Hong Kong ilitumia bei. Ilianza kutoza mwaka 2006, na ada zilipopandishwa mwaka 2017, tani ya mchanganyiko jaani ikawa dola 200 za huko. Ikipelekwa kituo cha kuchambua, mradi zaidi ya nusu ya uzito iwe mawe, udongo na zege, dola 175. Na kifusi safi cha kujazia, dola 71.

Njia ya Japani inataka wakaguzi wengi waaminifu. Ya Ulaya inataka takwimu. Ya Hong Kong inataka mizani na sehemu ya kupokea, na ndiyo ninayoona Mombasa ingeiweza. Si lazima kaunti ianze na mtambo. Ianze na yadi tatu zenye uzio: moja Likoni, moja upande wa Changamwe na Jomvu, moja Kisauni, ambapo kifusi safi kinapokewa kwa ada ndogo au bure, na anayehitaji mawe ya kujazia anakuja kuyachukua. Dereva wa Likoni akiwa na pa kumwaga karibu kwa bei nafuu, huna haja ya kumkimbiza na askari usiku. Adhabu peke yake, bila mahali pa kupeleka, inahamisha marundo tu kutoka barabara yenye askari hadi barabara isiyo naye.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Kila jiwe linalotumika tena ni jiwe lisilochimbwa. Machimbo ya Bamburi yalianza kupandwa miti mwaka 1971, mivinje kwanza, ikachukua miaka mingi hadi pakawa Haller Park tunapopeleka watoto. Machimbo mengi ya Pwani hayatapata bahati hiyo.

Basi uchague vipi

Nyumba ya Kiswahili ya chokaa na boriti: bomoa kwa mkono, uza boriti na mawe mazima, udongo na vipande vibaki kiwanjani. Huenda usihitaji lori ila kwa mabaki.

Nyumba ya simiti ya miaka ya karibuni, Nyali au Kizingo: okoa paa, milango na vyuma kwa mkono, tingatinga liangushe kuta, zege ijazie sakafu mpya. Ikizidi, tafuta mwenye ujenzi wa karibu kabla ya kutafuta lori.

Ukarabati mdogo, bafu au jiko la fleti: magunia 30 ya vigae na plasta hayana soko, wala hayatoshi lori. Hapa ndipo mkokoteni wa usiku unapoingia, na ndipo mitaro ya mtaa inapoziba. Kusanyeni na majirani wanaokarabati, jazeni Canter moja yenye leseni, mgawane nauli. Usimamizi wa jengo ukikataa magunia kukaa siku tatu uani, waambie mbadala wake ni mtaro kuziba mvua za masika zikianza.

Kwa njia yoyote itakayohusisha lori, patana kwa safari na si kwa siku, andika namba ya gari, na lipa nusu tipa likiondoka. Nusu ya pili itoke baada ya dereva kukutumia picha ya pale alipomwaga, na kama ni kwenye kiwanja cha mtu, baada ya mwenye kiwanja kuthibitisha kwa simu.